Mla Shaba wa Ukutani

Damu ya buibui ina shaba. Binadamu, mbuzi na kuku husafirisha oksijeni mwilini kwa kutumia chuma kilichomo ndani ya hemoglobini, na ndiyo maana damu yao ni nyekundu. Buibui hana hemoglobini. Yeye ana hemosianini, protini ambayo mahali pa chuma ina shaba: atomi mbili za shaba hushika molekuli moja ya oksijeni, na damu ikishapata hewa hugeuka buluu. Mkazi wa Kolwezi, mji uliozaliwa na shaba na ambao leo unachimbuliwa hadi chini ya vitanda kwa ajili ya shaba na kobalti, anaweza kuzeeka pale Manika au Dilala bila kujua kwamba yule anayetanda utando kwenye pembe ya choo chake naye anavuta pumzi kwa madini yaleyale yanayopakiwa kwenye malori kila siku.

Penye shaba hapakosi mchimbaji. Wa buibui ni nyigu.

Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi ya Lualaba, mwishoni mwa Oktoba na kuingia Novemba, huanza kuonekana kwenye lupangu za watu nyigu mweusi mwenye miguu ya njano na kiuno cha njano, chembamba mno. Anaingia barazani peke yake, anapanda hadi chini ya bati, anabandika kitu, anaondoka. Hana kundi wala hamfukuzi mtu. Baada ya siku chache pale juu pana donge la udongo, kama tonge la bukari lililosahaulika ukutani, na mwenye nyumba anaanza kutafuta fagio. Wataalamu humwita Sceliphron spirifex. Mswidi Carl Linnaeus alimwandika vitabuni tangu mwaka 1758. Anaishi sehemu kubwa ya Afrika, na nyumba za watu amezipenda kuliko majabali na magome ya miti ambako mababu zake walijenga kabla sisi hatujaanza kuezeka.

Anayejenga ni jike. Dume huzurura kwenye maua na hana mchango wowote katika ujenzi wala malezi. Jike huenda mahali penye matope: chini ya bomba linalovuja, ukingo wa kijito, au kwenye shimo la wafyatua matofali. Katika Katanga udongo mzuri wa matofali hutoka kwenye vichuguu, vile vilima vikubwa vya mchwa aitwaye Macrotermes falciger, ambavyo vingine hupita kimo cha nyumba. Mchwa wameuchambua udongo huo kwa miaka mingi, wakapandisha ule laini kutoka chini. Binadamu anaukata na kuufyatua. Nyigu anakuja wa tatu na kuchota bure. Huushika kwa taya, akitetemesha mwili hata ukasikika mlio mkali, na mtetemo huo ndio unaoyafanya matope yakae vizuri. Mlio huohuo husikika tena akiwa ukutani, anapoyatandaza. Kwa chumba kimoja chenye urefu wa takriban sentimita tatu hufanya makumi ya safari.

Chumba kikiisha, kikiwa bado kiko wazi upande mmoja, anaanza kuwinda. Anapita kwenye nyasi, kwenye fito za paa, kwenye maua ya uani ambako buibui wengine hujibanza kungoja nzi. Anawapenda wanaotega utando wa duara, na sharti buibui awe mdogo wa kubebeka angani. Anamdunga mara moja au zaidi, anamkumbatia kwa miguu, anaruka naye. Ndani ya chumba huwapanga kwa kuwabana: watano, kumi, pengine ishirini au zaidi, ikitegemea ukubwa wao. Yai huwekwa juu ya mmoja wao, chumba kinazibwa kwa tope, na mama anaanza kingine ubavuni. Vyumba vikishakuwa kadhaa huvipaka vyote tabaka moja la udongo juu, na hapo ndipo donge linapopata ile sura inayowaudhi akina mama wanaopenda ukuta safi. Kiota chenye vyumba 10, kila kimoja na buibui 10, ni buibui 100 waliotolewa kwenye lupangu moja na nyigu asiyefika uzito wa gramu moja.

Nani ameona ndani ya chumba hicho? Watoto wa Kolwezi wameona, kwa sababu watoto hubomoa kila kitu. Ukibandua donge jipya wanamwagika buibui waliokunja miguu, rangi zao hazijafifia, wengine wakitikisa ncha ya mguu ukiwagusa. Wengi hawajafa. Sumu ya nyigu huingia kwenye mishipa ya fahamu na kukata amri za mwili, lakini moyo unaendelea kupiga polepole, na nyama inabaki mbichi katika nchi yenye joto, bila friji na bila chumvi. Baada ya siku chache yai linaanguliwa. Buu mweupe asiye na macho anaanza na yule aliyezaliwa juu yake, kisha anahamia kwa jirani, mmoja baada ya mwingine, hadi ghala liishe.

Usafi wa buu huyu unastahili sentensi zake. Muda wote anaokula hatoi choo hata kidogo, kwa kuwa utumbo wake haujaungana na sehemu ya kutolea. Akimaliza kula ndipo hutoa mara moja taka zote, kipande cheusi kinachobaki mwisho wa chumba, naye amekwisha kujizungushia kifuko cha hariri. Kama ni katikati ya mvua, wiki chache baadaye anatoka nyigu kamili kwa kutafuna tundu la duara. Kama ni Aprili na mvua zimekatika, buu hubaki ndani ya kifuko bila kula wala kubadilika, akaumaliza ukavu wote na baridi kali ya Juni na Julai ya nyanda hizi za juu, na kutoka mvua zikirudi.

Zamani, kabla Union Minière du Haut-Katanga haijaundwa mwaka 1906, wayeyushaji wa shaba wa Katanga walijulikana kwa jina la wala shaba. Mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926. Wao waliila kwa maana ya kutajirika nayo. Buu wa nyigu anaila kwa meno, ingawa kiasi chenyewe ni kidogo mno na nawasihi wafanyabiashara wa soko la madini la Musompo wasianze kununua buibui kwa kilo.

Wezi wa kito cha kijani

Nyumba ya udongo, hata ikizibwa vipi, haikosi kuvunjwa. Mvunjaji hodari kuliko wote ni nyigu mwingine, Stilbum cyanurum, mwenye mwili wa kijani na buluu unaong'aa hata ukidhani ni kipande cha malakiti kimepata mabawa. Ganda lake ni gumu sana. Anatafuta donge la Sceliphron lililokwisha kuzibwa, analainisha sehemu moja ya ukuta kwa mate, anatoboa, anaingiza yai lake na kuziba tena. Buu wake humla mwenye nyumba. Mwezi mmoja baadaye, pale ulipotarajia nyigu mweusi, anatoka kito.

Wako wengine wapole zaidi. Nyigu wa buluu iliyokolea wa jenasi ya Chalybion, ambao nao ni wawindaji wa buibui, hurithi vyumba vilivyoachwa wazi na kuvijaza upya. Wadogo wa Trypoxylon, weusi na wembamba, hawajengi donge kabisa: hutumia matundu ya misumari, mianzi ya uzio na njia za bungua kwenye mbao, wakagawa vyumba kwa kuta ndogo za tope. Ukiona tundu la kufuli lako la zamani limezibwa kwa udongo, na ndani yake kuna buibui watano, umeshampata mshukiwa.

Vita vya porini

Hadi hapa nimesema juu ya wawindaji wa nyumbani tu, ambao kwa kweli ni watu wa ukoo mwingine. Wawindaji wa buibui wenyewe, wale ambao sayansi imewapa familia nzima, Pompilidae, yenye aina 5,000 hivi duniani, wanapatikana nje ya mji: kwenye miombo, kwenye njia ya vumbi kati ya mashamba, kwenye ardhi tupu inayopigwa na jua. Utamtambua kwa mwendo. Haruki moja kwa moja, bali hukimbia chini hatua chache, anasimama, anachezesha mabawa kwa kushtukashtuka, anapapasa ardhi kwa vipapasio vilivyopinda, anakimbia tena. Anafuata harufu.

Wakubwa wao ni wa jenasi ya Hemipepsis, weusi wenye mng'ao wa buluu na mara nyingi mabawa ya rangi ya chungwa, wengine wakikaribia sentimita tano. Wanachotafuta ni wale buibui wakubwa wenye manyoya wanaoishi mashimoni, jamii ya tarantula, ambao mkulima huwafukua kwa jembe na kuruka nyuma. Nyigu akifika kwenye shimo humchokoza mwenyewe hadi atoke. Buibui huinua miguu ya mbele na kufunua meno yenye sumu, na mtu asiyejua kinachofuata angeweka fedha yake upande wa buibui. Angepoteza. Nyigu anazunguka, anapenya chini ya kifua na kudunga pale ngozi ilipo laini, kwenye maungio ya miguu, karibu na fundo kuu la fahamu. Mara nyingi baada ya sekunde chache miguu minane imelegea.

Kinachofuata ni kazi ya kubeba mizigo. Buibui anaweza kumzidi mwindaji wake uzito mara kadhaa, kwa hiyo haruki naye. Anamkokota kinyumenyume, juu ya nyasi, juu ya mizizi, pengine hadi shimo alilochimba mwenyewe, pengine hadi shimo lilelile la buibui, ambalo sasa ni kaburi lake. Jamaa wa kikundi kingine, Auplopus na wenzake wanaojenga kwa udongo, wamekata shauri: huikata miguu ya buibui kwanza, yote au baadhi, kisha huondoka na kiwiliwili. Baada ya kumfikisha, jike hutaga yai moja tu, anafukia, na kushindilia udongo kwa ncha ya tumbo.

Yai moja, buibui mmoja. Hii ndiyo sheria inayowatenganisha hawa na fundi wa ukutani, na imezaa hesabu ya ajabu. Kwa nyigu, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume, na mama ndiye anayefungua au kufunga mbegu alizohifadhi mwilini. Akipata buibui mkubwa huweka yai la kike. Akipata mdogo huweka la kiume. Jike anahitaji mwili mkubwa ili naye aweze kupigana na kukokota. Dume haja yake ni kuruka na kupata mchumba, na kwa hilo chakula kidogo kinatosha. Kabla yai halijaanguliwa, jinsia ya mtoto imekwisha kupimwa kwa ukubwa wa windo.

Buu wa porini anakula kwa utaratibu wa kutisha. Anatoboa tumbo la buibui na kunyonya majimaji kwanza, ile damu ya buluu, kisha mafuta na misuli. Moyo na mishipa ya fahamu huachwa mwisho, kwa kuwa vikiguswa mapema nyama itaoza na mlaji atakufa na mlo wake. Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyetumia maisha yake kulala kifudifudi kwenye vichaka vya kusini mwa Ufaransa na kuchapisha kumbukumbu zake za wadudu kuanzia mwaka 1879, aliwaita wadudu wa namna hii wapasuaji. Ni yeye aliyeeleza kwamba nyigu aliyemchunguza humdunga buibui kwanza mdomoni, kuyalemaza meno, ndipo amdunge kifuani kuilemaza miguu. Sayansi ya leo haimkubalii Fabre kila neno, hasa pale alipomfanya mdudu kuwa daktari asiyekosea: nyigu hukosea, buibui wengine huamka na kukimbia, na mara chache mwindaji mwenyewe huliwa.

Na hata hawa wababe wana mwizi wao. Ceropales, nyigu mdogo wa familia hiyohiyo, hawindi. Anamvizia jamaa yake anayekokota windo, anangoja sekunde moja ya uzembe, anamrukia buibui aliyepooza na kuchomeka yai ndani ya mwanya wa mapafu yake. Mwenye windo anaendelea kukokota, anazika, anataga, anashindilia. Chini ya ardhi buu wa mwizi anaanza kwa kuliharibu yai la mchimbaji, kisha anakula urithi wote. Watu wa Kolwezi wanaouza mawe yao kwa wapimaji wa mizani wataielewa biashara hii bila maelezo zaidi.

Je, wanauma? Wanauma. Mmarekani Justin Schmidt, aliyefariki mwaka 2023, alijipatia sifa kwa kupanga maumivu ya wadudu kwenye ngazi ya moja hadi nne, akitumia ngozi yake mwenyewe, na nyigu wa Pepsis wa Amerika, ndugu wa karibu wa Hemipepsis wetu, alimpa nne. Ushauri wake kwa aliyedungwa ulikuwa alale chini apige kelele, maana kukimbia na maumivu hayo ni kujitafutia kuvunjika mguu. Lakini aliongeza kwamba maumivu hayadumu zaidi ya dakika chache. Ni jike tu mwenye mwiba, na haji kumtafuta mtu. Atauma akishikwa mkononi au akikanyagwa kwa mguu mtupu. Hana kiota cha jamaa 100 cha kulinda. Wanaomfukuza mtu kutoka mwembeni hadi barabarani ni nyigu wa kijamii, wenye viota vya karatasi vinavyoning'inia, na fundi wa udongo anapigwa fagio kwa makosa yao.

Historia ya kuziandika koo hizi za nyigu inapitia hapahapa Katanga. Mbelgiji Joseph Bequaert alifika mwaka 1910 pamoja na daktari Jérôme Rodhain katika tume iliyotumwa kuchunguza ugonjwa wa malale, wakafanya kazi hadi mwaka 1912. Kazi yao ilikuwa mbung'o, lakini Bequaert alikuwa mtu asiyeweza kuacha mdudu apite. Mwaka 1918 alichapisha uchambuzi mkubwa wa nyigu wa kijamii na jamaa zao wa Kongo. Wawindaji wa buibui wa bara hili walimngoja George Arnold, mhifadhi wa makumbusho ya Bulawayo, aliyewaandika kwa mfululizo kati ya mwaka 1932 na 1937, na hadi leo anayetaka kumtambua Pompilidae wa Katanga hana budi kuanzia kwake. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1946 na 1949, ujumbe wa Gaston-François de Witte ulizunguka Hifadhi ya Upemba, kaskazini mashariki ya Kolwezi, ukikusanya kila kinachotambaa na kuruka. Sehemu kubwa ya makusanyo ya enzi hiyo iko Ubelgiji. Shaba ilikwenda kwa treni na nyigu walikwenda kwa masanduku, na kati ya viwili hivyo ni nyigu tu ambao bado mtu anaweza kuwaona walivyokuwa.

Maua, udongo na mabomba

Kuna tabia moja ya waandishi wa mazingira ambayo siipendi: kumtetea mdudu kwa kumtafutia ajira. Husema anapunguza buibui. Lakini buibui naye anapunguza mbu na nzi, kwa hiyo anayemtetea nyigu kwa hoja hiyo amemuumiza mteja wake. Nyigu hatufanyii kibarua. Yuko kwa ajili ya mambo yake, na hilo linatosha.

Hata hivyo yapo maua ambayo bila yeye yangekwisha. Nyigu waliokomaa hula nekta. Buibui ni chakula cha watoto tu. Nchini Afrika Kusini, Adam Shuttleworth na Steven Johnson wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal wameonyesha kwamba mimea kadhaa ya jenasi ya Pachycarpus huchavushwa na nyigu wa Hemipepsis pekee. Maua yake hayana rangi ya kuvutia. Ni ya kijani kilichofifia au hudhurungi, yamejificha kwenye nyasi, nekta yake haiwapendezi nyuki, na humwita mgeni wao mmoja kwa harufu. Jenasi hiyo inaota pia kwenye nyanda za nyasi na miombo ya kwetu. Mti wa miombo ukikatwa kwa ajili ya makaa, hakuna anayehesabu ua la chini yake, wala buibui wa shimoni, wala yule aliyewaunganisha wawili hao.

Jambo la udongo ni zito zaidi. Katika sehemu nyingi za Afrika wajawazito hutafuna udongo, na udongo wa vichuguu na wa viota vya nyigu hupendwa kwa ulaini wake. Siwadharau wanaofanya hivyo; desturi hii ni ya kale, na hamu ya udongo wakati wa mimba ni kitu halisi. Lakini fikiria nyigu wa Kolwezi anachota wapi. Kule Kasulo, mwaka 2014, mkazi alichimba kwenye lupangu yake akakuta mshipa wa kobalti, na mtaa mzima ukageuka machimbo, mashimo yakitobolewa vyumbani na uani. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mtaa huo: vumbi la majumbani lilikuwa na metali nyingi, na kobalti kwenye mkojo na damu ya wakazi ilizidi sana ile ya mtaa wa kulinganisha, watoto wakiongoza. Nyigu hapimi kobalti. Anachota tope lililo karibu, na tope lililo karibu na machimbo ni vumbi hilohilo lililoloa. Anayetafuna kiota cha Kolwezi anatafuna Kolwezi. Mama mjamzito mwenye hamu hiyo aizungumze na muuguzi wa kliniki yake, asione haya.

Upande wa mafundi kuna onyo lingine. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwemo wakafa. Ilikuwa imekaa uwanjani bila kuruka, na mabomba yake ya kupimia mwendo hayakuwa yamefunikwa. Mabomba yenyewe hayakupatikana, lakini wachunguzi waliona sababu ya kuelekea zaidi ni kuziba kwa bomba mojawapo, na mshukiwa wao mkuu alikuwa nyigu wa udongo wa huko, ndugu wa huyu wa barazani kwetu. Rubani alisoma mwendo wa uongo na kuuamini. Hakuna haja ya kuwa na ndege ili somo hili likuhusu: bomba la pumzi la tangi la mafuta, moshi wa jenereta iliyokaa, mrija wa pampu ya maji, tundu lolote la upana wa kidole lililoachwa wazi msimu wa mvua lina mpangaji anayelitafuta.

Kwa hiyo funika mabomba yako Oktoba, kabla hajaanza kujenga, na uyakague kila wiki hadi Aprili. Kiota kilichoko kwenye mashine kitoe bila huruma. Kile cha ukutani kitazame kwanza. Kama vyumba vyake vyote vina matundu ya duara, wenyewe wamekwisha kuondoka, unaweza kukibandua na kupaka chokaa. Kama kuna chumba kisicho na tundu, ndani bado yuko buu anayengoja mvua: weka fagio chini, na uwaambie watoto wamwache hadi atoke.